Pikipiki za sura ya kizamani: mbona vimepunguzwa vingi na bei imepanda?

Mleta mada

Wakuu, naileta hii tuipasue bila matusi. Kuna hizi pikipiki mpya zinazotengenezwa zifanane na za zamani: taa ya duara, siti iliyonyooka, injini iko wazi, plastiki hakuna. Mimi nasema hapo tunatozwa kumbukumbu, tena kumbukumbu za enzi ambazo wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa.

Chukueni Kawasaki. Z900 na Z900RS zina injini ya ukoo mmoja, silinda nne, cc 948. RS ilichorwa kwa kufuata Z1 ya mwaka 1972. Toleo la 2018 liliingia Marekani kwa dola 10,999, wakati Z900 yenye ABS (mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge ukishika breki) ilikuwa dola 8,799. Sasa njooni kwenye nguvu: kwa matoleo ya Ulaya, Z900 ilitoa farasi 125, RS 111. Na RS ndiyo nzito zaidi, kwa kilo chache. Yaani unaongeza dola 2,200 ili upunguziwe farasi!

Kinachoniudhi ni kwamba mtindo wenyewe ulianzishwa na watu wa kipato cha kawaida. Vijana wa Uingereza waliokuwa wakikutana Ace Cafe, London, miaka ya 1950 na 1960, walifungua kila kisichohitajika ili chombo kiwe chepesi na kikimbie. Marekani nako, baada ya Vita Kuu ya Pili, watu walikata madigadi wenyewe uani. Leo kiwanda kinakukatia madigadi na kukudai hela ya kukata. Nawasilisha.

Mchangiaji 1

Mkuu, umehesabu vilivyoondolewa, vilivyofichwa hukuvihesabu. Nimeshika spana miaka mingi, ngoja nikueleze.

Pikipiki yenye bodi ya plastiki ni rahisi kuiunda. Nyaya zinapita ovyo, mipira ya maji inajikunja inavyotaka, bodi inafunika yote. Ukiitoa hiyo bodi, kila nati inaonekana, kwa hiyo kila kitu kitafutiwe njia yake na kipigwe rangi. Halafu sheria hazijali sura. Ulaya, tangu kiwango cha Euro 4 kianze mwaka 2016, pikipiki mpya inayozidi cc 125 lazima iwe na ABS, na moshi nao umebanwa. Kwa hiyo Triumph Bonneville za 2016 zinapozwa kwa maji, lakini silinda zimeachiwa mapezi (zile mbavu za chuma za kutoa joto) kama za kupozwa na upepo, na rejeta imefanywa nyembamba ijibanze katikati ya bomba za fremu. Mfumo wa kupulizia mafuta nao umeundwa ufanane na kabureta. Hiyo ni kazi mara mbili: kwanza ifanye kazi kisasa, kisha iikane kazi yenyewe.

Mchangiaji 2

Kizuri chajiuza. Hakuna aliyeshikiwa panga dukani.

Mchangiaji 3

Mleta mada umechagua mifano inayokufaa. Royal Enfield Interceptor 650 ina silinda mbili, cc 648, farasi 47, na ilipofika Marekani bei yake ilianzia dola 5,799. Sura yake ni ya kizamani kuliko hiyo RS yako. Mwaka 2023 ikaja Triumph Speed 400, inayotengenezwa India na Bajaj, ikauzwa Marekani dola 4,995. Kwa hiyo taa ya duara peke yake haipandishi bei. Sema baadhi ya kampuni zina wateja wenye pesa na zinawajua.

BMW hapo siwatetei. R nineT, ya kwao ya sura ya kizamani, walipoitoa 2013, injini waliyoiweka ni ile ya kupozwa kwa hewa na mafuta, mwaka uleule ambao R 1200 GS, pikipiki yao nyingine, ilikuwa imehamia kwenye mpya inayotumia maji. Na bado ikauzwa bei ya juu.

Mleta mada

Mchangiaji 1, asante, umenisaidia bila kukusudia. Kama pesa yangu inalipia mapezi yasiyo na kazi kubwa na kabureta isiyo kabureta, basi nalipia maigizo. Urahisi wa pikipiki za zamani ulikuwa kwamba mwenyewe unafungua, unasafisha kabureta, unapima valvu Jumapili mchana. Hizi za leo, taa ya injini ikiwaka unatafuta mtu mwenye kompyuta. Sura ya urahisi tumepewa, urahisi wenyewe umebaki kiwandani.

Na Mchangiaji 3, kama Enfield wanaweza kwa dola 5,799, basi hoja ya "kuficha nyaya ni ghali" inakwenda wapi?

Mchangiaji 4

Nyote mnaisifu zamani kana kwamba haikuvuja oili. Mwaka 1969 Honda walileta CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, inawaka kwa kubonyeza swichi, dola 1,495 kule Marekani. Wanunuzi wakazikimbia pikipiki za Kiingereza kwa wingi, kwa sababu walikuwa wamechoka kupiga kiki na kufuta oili sakafuni. Triumph ya zamani ilianguka mwaka 1983, ikafufuliwa na mmiliki mpya. Sasa wajukuu wa wale waliokimbia wanataka umbo la Kiingereza lenye uaminifu wa Kijapani. Hicho ndicho kinachouzwa, na mimi sioni wizi. Kupima valvu Jumapili mchana kunapendwa zaidi na asiyewahi kulazimika.

Mleta mada

Sawa, tuache historia. Nirudi kwa fundi wetu. Kwenye Z900RS rejeta iko pale mbele ya injini, kila mtu anaiona. Haijafichwa. Dola 2,200 zimefanya kazi gani?

Mchangiaji 1

Swali zuri, nalijibu kwa vipande. Sehemu ya juu ya fremu ilibadilishwa ili tangi la umbo la tone likae. Breki za mbele ni kaliba (vibana diski) za hali ya juu kuliko za Z900 ya wakati ule. RS ilikuja na mfumo wa kuzuia tairi lisiteleze, Z900 ya mwaka huo haikuwa nao. Kichwa cha silinda kimechongewa mapezi ya urembo, hayo nakuachia uyacheke.

Ukijumlisha hivyo vyote kwa bei ya spea, sehemu ya zile 2,200 utaiona. Iliyobaki siwezi kuitetea kwa spana. Hiyo muulizeni Mchangiaji 2.