KIA hadi Amsterdam: ni kilomita ngapi, na mbona saa hazilingani?

Mdau_Himo: Habarini wakuu. Kwa hesabu ya njia ya angani, KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) hadi Amsterdam napata km 6,900 hivi. Nikigawa kwa mwendo wa km 900 kwa saa ni saa 7 na dakika 40, lakini ratiba za moja kwa moja zinazidi saa 8. Kosa liko wapi?

Kipimo: Hakuna kosa, mkuu. 900 ni mwendo wa ndege ikishafika juu. Tiketi huhesabu tangu inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegesha kule, kwa hiyo kupanda, kushuka na kutambaa ardhini vyote vimo. Schiphol, uwanja wa Amsterdam, mkitua kwenye njia ya kurukia ya Polderbaan, kufika jengoni peke yake ni kama robo saa. Kwa safari ndefu gawa kwa 850, kisha ongeza nusu saa: inakuja saa 8 na dakika 37.

Halafu ndege haifuati ule mstari wako. Mstari mfupi unakatiza Sudan, na tangu vita vya Aprili 2023 ndege nyingi zimekuwa zikilikwepa anga hilo. Juu ya Ulaya nako pepo hutoka magharibi, zinakupinga ukienda na kukusukuma ukirudi.

Mwl_Hesabu: Anayetaka kukokotoa mwenyewe: KIA ni latitudo -3.43, longitudo 37.07. Schiphol ni 52.31 na 4.76.

cos d = sin a × sin b + cos a × cos b × cos (tofauti ya longitudo)

a na b ni latitudo za viwanja viwili, d ni umbali kwa nyuzi.

d inatoka nyuzi 62.07. Zidisha kwa 111.2 (km za uzi mmoja), unapata km 6,902. Kikokotoo kiwe kwenye digrii, na ile alama ya kutoa ya kusini usiisahau: ukiiacha unapata km 6,200, na jibu linaonekana zuri tu.

Rula juu ya ramani ya ukutani achana nayo. Dunia ni mviringo.

Mdau_Himo: Asante mwalimu. Mbona basi tiketi nyingine ya kutoka hapa inaonyesha saa 11 na ushee?

Tiketi_Moshi: Angalia vituo. Kuna ndege za Ulaya zinazotua KIA, zikaenda Dar au Zanzibar, ndipo zirudi kaskazini. Unaanza kwa kurudi nyuma: Dar ni kama km 450, Zanzibar 390, na juu yake saa nzima au zaidi ya kukaa chini.

Saa za tiketi ni za mahali husika. Sisi tuko mbele ya Amsterdam kwa saa 2 majira ya baridi, saa 1 kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba. Ukitoa saa ya kuondoka kwenye ya kufika bila kurekebisha, safari ya kwenda itaonekana fupi kuliko ilivyo.

Ukiona 00:30 tarehe 15, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia 15. Nyumbani unatoka tarehe 14 jioni. Watu wanaachwa hapo!

Kipimo: Na kwenye kutafuta tiketi andika JRO, ndiyo alama ya KIA. ARK ni ya uwanja mwingine, ule wa Arusha ulioko Kisongo.