Loda ya trekta inashuka yenyewe na kunyanyua imekuwa nzito: pampu mpya au sili za silinda?

Mlima_Mufindi
Wakuu, habari za kazi. Trekta yangu ina loda mbele, yaani mikono ya haidroliki yenye kijiko, naitumia kupakia samadi na kuhamisha sileji ya ng'ombe. Mwezi sasa inanisumbua. Nikiiacha juu, baada ya dakika chache naikuta imeshuka, na kunyanyua kumekuwa kuzito. Fundi wa kwanza kasema pampu imekufa, ninunue mpya. Wa pili kasema ni sili za silinda, zile raba za kuzuia oili isipite, pampu nisiiguse. Pampu bei yake ni karibu mara tano ya sili zote pamoja na ufundi. Fedha niliyonayo inatosha kimoja tu, na Jumatatu nashuka mjini kununua. Nianze na kipi?

Gerezani_Haidroliki
Mkuu, kwa maelezo hayo hata mimi nitakubahatishia tu. Trekta gani? Pampu ya loda ni ile ya ndani ya giaboksi au ina yake pembeni? Oili gani imo, na imebadilishwa lini? Inayoshuka ni mikono, au kijiko ndicho kinajimwaga chenyewe? Na "nzito" maana yake nini: inanyanyua mzigo uleule ila polepole, au mzigo wa zamani haiuwezi kabisa? Kasi ni wingi wa oili, nguvu ni presha. Ni vitu viwili.

Kitale_Maziwa
Ndugu, fungua silinda. Loda ikishuka yenyewe ni sili za pistoni, hilo halina mjadala. Mimi hubadilisha zangu kila baada ya misimu miwili na sijawahi kujuta.

Shamba_Songea
Kabla ya yote nyanyua jembe kwa lifti ya nyuma. Ikinyanyua vizuri, pampu ni nzima na hela yako imebaki mfukoni.

Mlima_Mufindi
Samahani wakuu, nilisahau. Ni Massey Ferguson 375. Loda niliinunua mkononi, pampu yake imefungwa mbele kwenye krenki na tangi lake liko kwenye fremu. Lifti ya nyuma iko safi kabisa. Oili niliongeza ya haidroliki namba 68. Inayoshuka ni mikono, kijiko hakijimwagi. Asubuhi na baridi yetu ya huku inafanya kazi vizuri, lakini ikifika saa tano imeshachoka, inapanda polepole sana. Nikikanyaga mafuta pampu inalia kama filimbi.

Gerezani_Haidroliki
Sasa tunaongea. Shamba_Songea, kipimo chako ni kizuri kwa trekta ambayo lifti na loda vinatumia pampu moja. Hii ina pampu mbili, kwa hiyo uzima wa lifti ya nyuma hautuambii chochote kuhusu loda.

Tanga_Katani
Mimi hiyo namba 68 ndiyo inanitia wasiwasi. 375 breki zake zinaogelea kwenye oili, inataka oili ya trekta yenye alama ya UTTO, ile moja ya giaboksi, haidroliki na breki. Ukiweka ya haidroliki tupu, breki zitapiga kelele na zitakwisha.

Shamba_Songea
Tanga, kasema loda ina tangi lake. Oili ya loda haifiki kwenye breki.

Tanga_Katani
Nimeliona hilo. Lakini wengi wanaosoma hapa loda zao zinakunywa kutoka giaboksi ya nyuma, na dukani wanauziwa 68 bila kuulizwa trekta gani. Lazima lisemwe.

Gerezani_Haidroliki
Kitale_Maziwa, kwenye mikono sikubaliani nawe, na nitaeleza kwa nini. Mikono ikiwa juu, mzigo unaisukuma rodi iingie ndani ya silinda. Sili ya pistoni ikiwa imekwisha, oili inataka kupita kutoka chini ya pistoni kwenda juu yake. Lakini huko juu rodi yenyewe imechukua nafasi, oili yote haiwezi kuenea. Kama kontroli, yaani valvu unayoiendesha kwa mkono, imefunga njia zote mbili, silinda inakwama hapohapo hata kama sili ni mbovu. Ili mikono ishuke, lazima oili ipate pa kutokea, na mara nyingi inatokea kwenye spuli ya kontroli iliyolika (kile chuma cha ndani kinachofungua na kufunga njia za oili), au inavuja nje na utaiona kwa macho. Kijiko ni habari nyingine: huko kwa loda nyingi mzigo unaivuta rodi itoke, na sili ikivuja kijiko kinajimwaga hata kontroli ikiwa mpya.

Kitale_Maziwa
Hayo ni ya darasani. Mimi nimebadilisha sili na loda ikasimama.

Gerezani_Haidroliki
Na naamini ilisimama. Sili mbovu inapandisha presha upande wa rodi, na spuli iliyolika kidogo inavujisha zaidi presha ikipanda. Ukitengeneza kimoja, cha pili kinajificha kwa muda.

Mama_Ndama
Naomba nieleze yaliyonikuta, ni marefu kidogo. Miaka minne iliyopita trekta yetu ilifanya hivihivi: asubuhi nzima, mchana mgonjwa, na mlio wa filimbi. Fundi akasema pampu. Tukauza mitamba miwili tukanunua. Ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa inazungukia upande tofauti na yetu. Hakuna aliyeangalia mshale, ikafungwa, na kwa dakika chache sili ya shafti ikatoka na oili ikamwagika uwanja mzima. Tukanunua ya pili. Ikafanya kazi asubuhi, na saa sita ikaanza kulia kama ile ya zamani. Nililia siku hiyo, sioni aibu kusema. Baadaye kijana mmoja wa gereji alikuja kwa shughuli nyingine, akaishika hozi ya kunyonya inayotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu, akaona ni laini. Akaipasua kwa kisu. Nje ilikuwa nzuri kabisa, ndani mpira wa kwanza umebanduka. Oili ikipata moto ule mpira unalegea, pampu inauvuta, njia inaziba. Hozi ya chini ya mita moja! Kaka Mlima, shika hozi yako kabla hujauza kitu.

Mlima_Mufindi
Dada, nimesoma nikaenda bandani mara moja. Ni laini kweli, na klipu ya upande wa tangi ina unyevu wa oili. Nimefungua kifuniko cha tangi baada ya kuwasha kidogo, kuna povu.

Gerezani_Haidroliki
Povu ni hewa, na hewa inaingia upande wa kunyonya. Badilisha hozi na klipu zake, safisha kichujio cha ndani ya tangi. Iwe hozi ya kunyonya, yenye waya wa mzunguko ndani. Ya maji itajikunja. Kisha funga geji ya presha ya bar 400 kwenye njia ya kutoka kwenye pampu, nyanyua mikono hadi mwisho ushikilie kontroli kidogo tu, usome. Fanya ikiwa baridi, rudia ikiwa moto. Loda nyingi za ukubwa huo zinafungua valvu ya usalama kati ya bar 170 na 210, yako angalia kitabu chake. Baridi ikifika na moto isifike, hapo ndipo tutajadili pampu. Kushuka kwa mikono ni ugonjwa wa pili, utabaki hata hozi ikipona.

Tanga_Katani
Usitafute uvujaji kwa kiganja. Oili ya presha inatoboa ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kidogo na mkono unaoza kwa ndani. Tumia kipande cha boksi. Ikikupata, ni hospitali saa hiyohiyo, ukaseme wazi ni oili ya presha.

Shamba_Songea
Na asiwepo mtu chini ya mikono ikiwa juu, hasa hiyo inayoshuka yenyewe. Weka nguzo ya chuma.

Kitale_Maziwa
Sawa, hozi kwanza. Ila ukiwa mjini chukua na sili, utanikumbuka. Nyuma umeweka uzito gani?

Mlima_Mufindi
Nyuma sijaweka kitu.

Kitale_Maziwa
Eh! Unabeba samadi mbichi bila uzito nyuma? Ekseli ya mbele na beringi zake zitakwisha kabla ya pampu. Jaza zege kwenye pipa, weka chuma cha kushikia, libebe na lifti.

Shamba_Songea
Maji kwenye matairi ya nyuma yanatosha.

Kitale_Maziwa
Hayatoshi. Maji yamekaa juu ya ekseli ya nyuma, hayaivui ya mbele mzigo. Uzito unatakiwa uwe nyuma ya ekseli.

Mama_Ndama
Pipa la lita 200 likijaa zege linapita kilo 400, sisi tunatumia hilo. Mlima, umeshaifungua hozi?

Mlima_Mufindi
Bado, namsubiri kijana aje na spana kubwa. Kuhusu kontroli: spuli inaweza kutengenezwa, au lazima ninunue nzima?

Tanga_Katani
Oringi zinabadilishwa. Spuli iliyochanika ni kununua nzima. Piga picha ya kontroli uweke hapa, na namba zilizogongwa ubavuni.