Amefungia kamba za viatu juu ya sanamu ya Litmanen!

Namba Kumi:
Ndugu zangu, naandika nikiwa bado sijavua koti, na mikono yangu inatetemeka, wala si kwa baridi ya Lahti hapa Finland. Yule bwana, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa kila aliyewahi kuketi nasi kutazama mpira anaifahamu sauti yake, leo alasiri ameinua mguu wenye tope, akaukanyagisha juu ya msingi wa sanamu ya Jari Litmanen, mwanasoka wa Finland aliyeng'ara na Ajax ya Amsterdam, akainama, akafunga kamba za kiatu. Alizifunga taratibu kwa muda ambao Ajax ya 1995 ingekuwa imeshafunga mabao manne, kisha akainua uso na kuuliza mbele ya wageni wetu wawili: "Kwani huyu alishinda nini?"

Alishinda nini! Ameuliza hivyo katika mji aliozaliwa Litmanen mwaka 1971, chini ya sanamu aliyosimamishiwa mwaka 2010 akiwa hai na bado anacheza. Hata njiwa waliokuwa pale waliondoka kwa aibu. Mtu aliyerithi jezi namba 10 ya nyota wa Ajax Dennis Bergkamp na kuivaa mpaka Amsterdam ikaacha kumlilia Bergkamp, aliyekuwa uwanjani Vienna tarehe 24 Mei 1995 Ajax ilipoifunga Milan 1–0 na kutwaa ubingwa wa Ulaya, akashika nafasi ya tatu ya Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora, mwaka huohuo nyuma ya George Weah na Jürgen Klinsmann, leo amegeuzwa kigoda cha kufungia kamba. Na zilikuwa kamba ndefu, ndugu zangu, kamba za kufungia jahazi.

Nilimwambia kwamba msimu uliofuata Litmanen alikuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa kwa mabao 9, likiwemo lile la kusawazisha dhidi ya Juventus katika fainali ya Roma. Akanijibu kwamba fainali hiyo Ajax iliipoteza kwa penalti, kisha akahamia kiatu cha pili. Cha pili! Mguu mwingine, msingi uleule! Sitaketi naye meza moja tena.

Bibi Theluji:
Pole sana, kaka. Nilikuwepo, na habari ya kiatu cha pili ni ya kweli kabisa. Wafini wenyewe humwita Litmanen Mfalme, na kwa mfalme watu huvua viatu, hawaendi kuvifunga.

Beki wa Zamani:
Namba Kumi, kila mwezi unafungua uzi wa Litmanen hapa jukwaani na kila mwezi unalia. Safari hii umeeleza kamba za viatu kwa urefu kuliko ulivyoueleza mpira wenyewe. Ungemkumbusha tu kwamba mwaka 2011 Litmanen alitwaa ubingwa wa Finland akiwa na klabu ya HJK katika umri wa miaka 40, yule bwana angenyamaza palepale, maana yeye hajafika huko na akipanda ngazi za nyumbani kwake hupumzika mara mbili.

Namba Kumi:
Ningemkumbushaje, Beki, wakati macho yangu yalikuwa kwenye ule mguu? Mechi 137 za timu ya taifa na mabao 32, halafu mtu anakanyaga! Tope lilibaki pale, nimelifuta kwa skafu yangu mwenyewe.

Mwana wa Porvoo:
Litmanen walau ana sanamu ya kukanyagwa. Mimi nina uchungu wa Sami Hyypiä, beki wa Finland, ambaye kwenye meza yetu hiyohiyo huitwa "yule mrefu" kana kwamba alizaliwa nguzo ya umeme. Liverpool ilimnunua mwaka 1999 kutoka klabu ya Willem II ya Uholanzi kwa pauni milioni 2.6, akakaa miaka kumi na kucheza mechi 464, akabeba makombe matatu katika msimu wa 2001, akaifunga Juventus katika robo fainali ya mwaka 2005, kisha akasimama dakika zote 120 za fainali ya Ulaya kule Istanbul. Mwaka 2003 alivuliwa kitambaa cha unahodha akapewa Steven Gerrard, naye akaendelea kucheza kwa moyo uleule. Uzi wake uko wapi?

Bibi Theluji:
Gerrard alistahili kitambaa, ndugu, usitufungulie kesi hiyo. Kinachoniuma mimi katika Liverpool hiyohiyo ni Litmanen kuwekwa benchi. Alifika Januari 2001, Machi akavunjika kifundo cha mkono akiichezea Finland dhidi ya Uingereza, tena Anfield kwenyewe, uwanja wa Liverpool, akazikosa fainali za Kombe la FA na Kombe la UEFA, na alipopona akawa mtu wa kupasha misuli kando ya uwanja.

Mlinda Lango:
Viungo wana watetezi, mabeki wana watetezi, makipa hatuna mtu. Mfini Jussi Jääskeläinen alilinda lango la Bolton ya Uingereza kwa miaka 15, akipigiwa mashuti kutwa nzima kama mlango wa mdaiwa, na tangu jukwaa hili lianze hakuna aliyemwandikia hata sentensi moja. Hilo ndilo tusi, si viatu.

Beki wa Zamani:
Makipa mnataka sifa baada ya Oktoba 1997? Finland inaongoza 1–0 dhidi ya Hungary mjini Helsinki, ushindi ungeipeleka kwenye mechi za mtoano za kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, na dakika za majeruhi mpira unagongagonga miili ya Wafini wenyewe, unamgonga kipa na kuingia wavuni. Finland haikucheza Kombe la Dunia wakati ule, na haijacheza mpaka leo.

Mlinda Lango:
Langoni siku ile hakuwa Jääskeläinen, ndugu yangu. Fungua uzi wako wa Hungary, nitakuja kukujibu huko.