Mjadala: Je, Kontena Tupu Lilazimishwe Kurudi kwa Treni?

Hoja iliyo mezani ni kwamba itungwe sheria ya kulazimisha makontena matupu yote yarudishwe bandarini kwa treni. Wanaoitetea wanasema malori yanamaliza barabara na kujaza malango ya bandari. Wanaoipinga wanajibu kwamba lori litarudi bandarini kwa vyovyote vile, basi lirudi na kontena lake. Mimi ni mtetezi wa reli tangu zamani, lakini sheria hii siiungi mkono, na naomba nieleze sababu.

Nianze na barabara, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Kontena tupu la futi 40 lina uzito wa takribani tani 4, ilhali likijaa linaweza kufika tani 30. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hukua kwa takribani kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani uzito ukipungua nusu, uharibifu hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo anayetaka kuiokoa lami aanze na kontena lililojaa. Lile tupu halina hatia kubwa hapo.

Tuje kwenye safari yenyewe. Lori limebeba mzigo kutoka bandarini hadi kwa mteja bara, likashusha, kisha sheria ikalitaka lipeleke kontena tupu kwenye stesheni ya mizigo. Likishalikabidhi, tela lake linabaki mifupa mitupu, na mzigo unaofuata unalisubiri kule kule bandarini. Litarudi barabara ile ile na kuchoma mafuta karibu yale yale, huku treni nayo ikichoma yake kubeba kontena ambalo lori lingelirudisha bila safari ya ziada. Hapo tumelipia safari mbili kwa kazi ya moja.

Mambo hubadilika pale mzigo uliojaa unapoingia bara kwa treni, na lori likafanya kipande cha mwisho tu. Mabehewa hayo lazima yarudi bandarini, yawe na kitu au yawe wazi, na kuyapandishia makontena matupu kunaongeza gharama ndogo tu ya kunyanyua na ya muda wa kusubiri. Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba kontena tupu lifuate njia iliyolileta likiwa limejaa, isipokuwa kama amepatikana hapo karibu mwenye bidhaa za kupeleka nje ya nchi anayelihitaji. Akipatikana huyo, lisirudi tupu kabisa. Liende kwake moja kwa moja, lijazwe, ndipo lipande treni.

Kikwazo cha mpango huo, kwa maoni yangu, kipo kwenye karatasi ya kurudishia kontena. Kontena si mali ya dereva wala ya mwenye mzigo. Ni la kampuni ya meli au la kampuni inayoyakodisha, na mwenye nalo ndiye anayetaja yadi ya kulirudisha na siku za kulirudisha bila tozo. Karatasi ikitaja yadi ya bandarini, hata stesheni ikiwa umbali wa kutupa jiwe, mwenye mzigo hathubutu kuliacha hapo, kwa sababu dhamana yake, yaani fedha aliyoweka hadi kontena lirudi, imeshikiliwa na siku zinahesabika.

Kampuni za meli zina utetezi ambao haufai kupuuzwa: ni nani atalikagua? Ukaguzi wenyewe unataka jicho. Mkaguzi huingia ndani, akafungiwa milango, akasimama gizani kutafuta mwanga unaopenya, maana tundu la ukubwa wa msumari hujionyesha lenyewe. Hutazama mpira wa milango, kisha hunusa sakafu ya mbao, kwa kuwa kontena lililovujiwa kemikali halifai kupewa mwenye chakula. Likikataliwa baada ya kusafirishwa, ugomvi wa nani alilitoboa, dereva au watu wa reli, unaweza kudumu miezi. Hata hivyo, kazi hiyo haihitaji bahari. Mkaguzi anayekubaliwa na pande zote akiwekwa kwenye bandari kavu, yaani kituo cha bara cha kupokelea makontena, akapiga picha na kuandika namba ya kontena mbele ya dereva, dhamana ingeweza kurejeshwa pale pale.

Mwenzetu mmoja amependekeza makontena yanayokunjwa, manne yakae katika nafasi ya moja. Yapo, lakini bei yake ni kubwa, bawaba zake hupata taabu, na kila kukunja kunataka watu na mashine. Sioni yakitusaidia karibuni.

Kwa hiyo, kama ni lazima sheria itungwe, iwabane wenye makontena wakubali kuyapokea matupu kwenye kila stesheni ambako wao wenyewe huteremsha yaliyojaa, kwa siku na masharti yale yale ya bandarini. Wanaotaka ile sheria ya kwanza naomba wanijibu maswali mawili: lori lililoacha kontena stesheni litarudi bandarini limebeba nini, na gharama ya kulinyanyua kontena hilo mara mbili zaidi italipwa na nani?