Kuhamia kabisa kwenye gari-nyumba: gharama zipi hazionekani kwenye tangazo?

Mhamaji_Mpya
Wakuu salaam. Tuko wawili, tunataka kununua gari-nyumba lililotumika, urefu mita 7, tuishi humo mwaka mzima. Mafuta, gesi na bima tumeshazipigia hesabu. Shida ni yale ambayo muuzaji hasemi. Lina betri moja ya asidi ya 12 V, 100 Ah, paneli ya sola ya 100 W, tangi la maji lita 100. Tutatoboa bila kuchomeka umeme wa nje?

Waya_Mnene
Kwa umeme huo, hapana. Betri ya asidi ikishushwa chini ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo kati ya Wh (wati-saa) 1200 za betri hiyo mna Wh 600 tu za kutumia. Friji ya kompresa peke yake inaweza kuzimaliza. Paneli nayo, kwa saa 4 au 5 za jua kali, inatoa Wh 400 hadi 500 kwenye karatasi. Kwa vile imelazwa bapa na inapata joto na vumbi, punguzeni kama robo.

Anzieni na lithiamu ya chuma-fosfeti 200 Ah na paneli za 400 W. Chaja ya MPPT (inayopokea umeme wa sola na kuuingiza kwenye betri) iwe ya 40 A, kwa sababu 400 W kwenye 12 V ni kama 33 A. Msiunge alteneta moja kwa moja kwenye lithiamu: inavuta ampea nyingi mfululizo na alteneta inaungua, hasa injini ikiunguruma gari likiwa limesimama. Pitisheni kwenye chaja ya DC-DC, inayodhibiti umeme wa alteneta kabla haujafika kwenye betri; 30 A inatosha. Betri hii isichajiwe chini ya nyuzijoto 0.

Inveta (kigeuzi cha umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ya 1000 W ikifanya kazi kamili inavuta karibu 100 A. Waya uwe 35 mm², mfupi, na fyuzi ikae jirani kabisa na chanya ya betri. Fyuzi inalinda waya, si kifaa. Watu wanabana hela hapa, kisha wanashangaa harufu ya plastiki.

Koki_Mbili
Maji: mtu anayejibana anatumia lita 10 hadi 15 kwa siku, kwa hiyo lita 100 ni siku 3 hadi 5 kwenu. Bafu ndilo mlaji. Fungueni kujilowesha, fungeni mkijipaka sabuni.

Mhamaji_Mpya
Asante. Tukiegesha penye bomba la maji taka, koki ya tangi la choo tuiache wazi?

Koki_Mbili
Kamwe! Maji yatatoka, kinyesi kibaki na kukauka kama kichuguu chini ya bakuli. Ifungeni mpaka tangi lifike theluthi mbili, mwage choo kwanza, kisha maji ya sinki na bafu ili yasuuze mpira. Mkimaliza, rudishieni lita chache za maji safi kabla ya kutumia.

Mizani_Kwanza
Naongeza kwenye pesa. Mafuta ndiyo gharama mnayoweza kuibana mkitaka: kaeni mwezi sehemu moja badala ya siku 2, na bei ya kuegesha kwa mwezi karibu kila mara ni nafuu kuliko jumla ya siku. Bima someni vizuri, nyingi ni za likizo. Mwambieni wakala kwamba mnaishi humo, la sivyo dai linaweza kukataliwa.

Kabla ya kulipa, pelekeni gari kwenye mizani likiwa na mzigo wote, mlinganishe na uzito linaoruhusiwa. Tangi likijaa ni kilo 100 tayari. Tairi hapa huzeeka kabla ya kwisha kashata: angalieni tarakimu 4 ubavuni, 3518 ni wiki ya 35 ya 2018. Zikizidi miaka 6 au 7, ombeni bei ishuke kwa tairi zote.

Kipelelezi cha gesi kiwe karibu na sakafu, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Tena kilo 1 ya propani ikiungua inazaa zaidi ya lita 1 na nusu ya maji kwa njia ya mvuke, hivyo pikeni dirisha likiwa wazi hata kwenye baridi. Ukungu wa kuta mara nyingi unaanzia jikoni.

Paa ndilo la kuogopwa. Kagueni silikoni ya maungio kila miezi 6. Siku ya kununua, bonyezeni kuta kwa kidole kwenye kona, chini ya madirisha na ndani ya makabati ya juu. Pakiwa laini, mbao zimeoza. Achaneni nalo, hata muuzaji akipunguza nusu bei.