Nanunua gobore mkononi kwa mtu, nikague nini?

MkulimaMufindi: Habari zenu wakuu. Kuna mzee anauza gobore la fataki. Leseni anayo, na suala la kuhamisha umiliki liko polisi wilayani. Nataka la kulinda mahindi, nguruwe pori wanamaliza. Kabla sijatoa hela, nikague wapi? Na kwa ukungu wa huku, nilitunzeje lisiliwe na kutu?

FundiTukuyu: Mkuu, ukiambiwa "halina kitu ndani", usikubali mpaka upime. Hakikisha hakuna fataki (kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti) kwenye chuchu (kijibomba cha nyuma ya mtutu inapokaa fataki), elekeza mtutu pasipo na mtu, na uso wako usikae mbele ya mdomo wake. Ingiza mdeki (ile fimbo ya kushindilia) taratibu hadi ugote. Weka alama usawa wa mdomo, uchomoe, uulaze nje ya mtutu. Ncha inatakiwa ifike karibu kabisa na usawa wa chuchu. Ikiishia sentimita 4 au 5 kabla, limeshindiliwa. Baruti kavu hata ikikaa miaka inawaka, kwa hiyo usichokonoe wala usipashe moto, muuzaji alipeleke kwa fundi mwenye kibali.

Likiwa tupu, funga kitambaa kinachobana kwenye mdeki upitishe. Mahali kinapolegea ghafla, mtutu umevimba: risasi iliwahi kuachwa bila kushuka hadi kwenye baruti. Hilo achana nalo, halitengenezeki. Vilevile mtutu wa bomba la maji lenye mshono, hata ukipewa bure usichukue.

Angalia nyuma, kizibo kinapoingia kwenye mtutu. Ukiona weusi wa moshi kwenye nyuzi zake za skrubu, moto unavuja. Tundu la chuchu likishapanuka, moto unarudi na kusukuma nyundo. Chuchu inabadilishwa tu. Halafu vuta nyundo nusu, ubane kifyatulio. Ikianguka, mtambo umelika na si salama kubeba.

Kilolo_77: Usafi wake si kazi, mafuta ya taa tu yanatosha.

FundiTukuyu: Hapana ndugu yangu, magobore mengi yanafia hapo. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi, na chumvi hiyo inavuta unyevu hewani. Mafuta ya taa hayaiyeyushi, yanaifunika tu, na kutu inaendelea chini yake. Oili chafu ya gari ndiyo mbaya zaidi, inachanganyika na masizi inakuwa kama lami.

Dawa ni maji ya moto na sabuni ya mche, siku ileile uliyolitumia. Fungua chuchu kwa spana yake. Kama mtutu unatoka kwenye mbao, utoe, uchovye upande wa nyuma kwenye beseni, upandishe na kushusha kitambaa kwa mdeki. Badilisha maji mpaka yatoke meupe. Maji yawe ya moto kweli, maana chuma kikipata joto kinajikausha. Pitisha vitambaa vikavu vinne au vitano, kisha mafuta mepesi ya mashine, kidogo.

MkulimaMufindi: Asante sana mkuu. Na kulihifadhi?

FundiTukuyu: Ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, mdomo chini ili mafuta yasitiririkie kwenye mbao. Fataki na baruti zikae mbali nalo. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia kuosha. Masika kagua kila wiki. Na kabla ya kulitumia futa mafuta yote, pamoja na tundu la chuchu, la sivyo fataki italia na baruti isiwake.

Kilolo_77: Na hapo ikilia bila kuwaka, shikilia mtutu ukielekea pasipo na mtu kwa dakika 1 nzima kabla ya kugusa chochote. Moto huweza kuchelewa.