Bahay na bato: plasta inabambuka, nguzo zinaoza. Tuanzie wapi?

MchoraRamani

Habari wakuu. Naomba ushauri kuhusu bahay na bato (nyumba ya kale ya Kifilipino, mawe chini na mbao juu) iliyoko Taal, mkoa wa Batangas, Ufilipino. Ni ya mwishoni mwa karne ya 19. Chini kuna ukuta wa mawe ya adobe, juu ni mbao tupu, madirisha ni ya kuteleza yenye vipande vya kombe la capiz, kombe jembamba linalopitisha mwanga, na chini ya kila dirisha kuna ventanilla, kidirisha kidogo cha kuingizia hewa. Ukuta wa chini ulipigwa plasta ya saruji miaka ya nyuma. Sasa inabambuka hadi usawa wa kiuno, jiwe nyuma yake linageuka unga, na chumvi nyeupe inatokeza. Nguzo mbili za molave, mbao ngumu ya huko, zimelainika mguuni.

Mkandarasi anapendekeza mambo manne: plasta mpya ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, miguu ya nguzo izungushiwe zege, capiz itolewe viwekwe vioo, na ventanilla zizibwe ili kiyoyozi kifanye kazi. Lipi tukubali?

FundiChokaa

Plasta ya saruji ikatae moja kwa moja. Adobe ya Ufilipino si tofali la udongo, ni jiwe laini la majivu ya volkano, na lina vinyweleo vingi. Linanyonya maji kutoka ardhini na linapaswa kuyatoa usoni. Saruji ikiufunga uso huo, maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi inaganda nyuma ya plasta. Fuwele zake zinapokua ndizo zinazolipasua jiwe. Ukiongeza dawa ya kuzuia maji, unayafungia ndani kabisa, na safari ijayo plasta itabanduka na kipande cha jiwe.

Kabla ya kugusa mwiko, shughulikia maji. Angalia mifereji ya paa inamwaga wapi. Angalia pia kama barabara imeinuliwa kwa kuwekewa tabaka juu ya tabaka hadi ikapita sakafu ya zaguan, ukumbi wa kuingilia wa chini. Hilo ni la kawaida sana katika miji ya zamani, na mvua yote huingia ndani. Ardhi inayozunguka nyumba iteremke ikienda mbali na ukuta, angalau sentimita 2 kwa kila mita.

Kisha bandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo, ukianzia palipokwisha kuachia. Nyundo ya umeme isitumike, inatikisa maungio. Mahali ambapo saruji imeng'ang'ania jiwe zima, iache kwa sasa. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu na kukusanywa, usiioshe kwa maji kwa sababu itarudi ndani. Uache ukuta wazi ukauke kwa miezi kadhaa ya kiangazi. Upande huo wa Batangas kiangazi huwa takriban Novemba hadi Aprili.

Plasta yenyewe: chokaa iliyozimwa na kulowekwa ikawa uji mzito, kipimo 1 kwa mchanga mkali uliooshwa 3. Mchanga wa pwani una chumvi, usiuguse. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi milimita 10, lifunike kwa magunia yenye unyevu, na subiri wiki moja au zaidi kabla ya tabaka la pili. Umaliziaji ni 1 kwa 2, mchanga laini, milimita 3 tu. Juu yake paka maji ya chokaa. Rangi ya plastiki itakurudisha palepale ulipoanzia.

SeremalaWaNguzo

Naongezea kuhusu nguzo, maana ndizo nyumba yenyewe. Katika bahay na bato nyingi, ghorofa ya juu na paa hubebwa na nguzo za mbao, haligi, zilizosimama ndani ya ukuta wa mawe au kando yake. Ukuta wa chini haubebi uzito mkubwa. Mpangilio huo ulikomaa kutokana na matetemeko kama la Manila la 1645: mbao inayumba na kurudi, jiwe haliwezi.

Ukiuzungushia mguu zege, maji yanasimama pale mbao inapokutana na zege, na uozo unaendelea ndani usiuone. Mchwa nao hupata njia iliyofichika.

Kwanza pima uozo umefika wapi. Gonga kwa nyundo ukisikiliza sauti, kisha toboa kwa keekee ya milimita 4 kila sentimita 15 kwenda juu. Unga mkavu na mgumu ni mbao nzima. Unga mweusi wenye unyevu, bado endelea kupanda. Weka jeki mbili chini ya boriti, juu ya mbao nene za kutawanya uzito, na inua milimita 1 au 2 tu, uzito uondoke kwenye nguzo. Ukizidisha, fremu za madirisha ya juu zitapinda na capiz zitapasuka. Nguzo moja kwa wakati.

Kata sehemu mbovu, kisha unga kipande kipya kwa kiungo cha mshazari mrefu, urefu usiopungua mara 3 ya upana wa nguzo. Funga kwa boliti za chuma kisichoshika kutu. Misumari haifai hapa. Mbao mpya iwe kavu na ya jamii ngumu kama ile ya zamani. Mguu ukae juu ya jiwe lililoinuka sentimita 15 kutoka sakafuni, katikati kukiwa na karatasi ya risasi au ya lami.

MchoraRamani

Ahsanteni. Je, ukuta na nguzo tuviachanishe kabisa, kusiwe na kinachoviunganisha?

MhandisiMajengo

Hapana. Ukuta mrefu wa mawe usioshikwa juu huangukia nje. Tetemeko la Julai 27, 2022, la ukubwa wa 7.0, liliharibu nyumba za kale za mji wa Vigan, na kuta za uashi ndizo zilizodondosha vipande na plasta. Kinachotakiwa ni viungo vya chuma kwenye kichwa cha ukuta vinavyouzuia kutoka nje lakini vinaiacha mbao isogee kidogo. Vipimo vyake vitoke kwa mhandisi aliyeikagua nyumba hiyo hiyo. Nafasi kati ya nguzo na jiwe ijazwe chokaa laini, kamwe si saruji.

MpendaCapiz

Vioo na ventanilla bado havijajibiwa. Capiz zibaki. Zinapunguza ukali wa jua na kuleta mwanga mweupe uliotulia, na kipande kimoja kikivunjika unabadilisha hicho tu: unafungua ubao wa pembeni wa fremu, unatelezesha vijiti, unaingiza kombe jipya lililokatwa kwa vipimo vilevile, kwa kawaida sentimita 5 hadi 8 kila upande. Usibandike kwa silikoni. Kusafisha ni brashi laini, maji kidogo na sabuni isiyo kali. Siki na asidi hulila kombe, kwa kuwa limeumbwa kwa kalsiamu kabonati. Reli za mbao zipakwe nta. Mafuta hukusanya vumbi na dirisha hukwama.

Ventanilla huingiza hewa usawa wa sakafu, na nakshi za calado, mbao zilizotobolewa kwa urembo, zilizo juu ya kuta za ndani huitoa ile ya moto. Ukiziba chini, mzunguko wote unakufa. Kama kiyoyozi ni lazima, chagueni chumba kimoja cha kulala, mkifunge kwa ndani kwa paneli zinazoweza kuondolewa bila kutoboa mbao za asili.

MhandisiMajengo

Na kabla ya hayo yote, vibali. Nyumba ya umri huo inaangukia Sheria ya Jamhuri namba 10066 ya 2009, sheria ya urithi wa utamaduni, iliyorekebishwa 2023. Peleka michoro na picha za hali ilivyo kwa ofisi ya majengo ya mji na kwa tume ya historia ya taifa, NHCP, kabla patasi haijagusa ukuta. Kwa molave, tafuteni mbao za nyumba zilizobomolewa zenye hati, kwa sababu ukataji katika misitu ya asili umezuiwa tangu 2011, na mbao zisizo na karatasi zinaweza kukamatwa njiani.